Kuyasoma Maneno ya Wanafunzi: Uchambuzi wa Maudhui na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kila mwalimu wa shule ya msingi hukabidhiwa daftari la mahudhurio, na katika daftari hilo mambo yote yaliyompata mtoto asiyefika shuleni hufupishwa kwa maneno machache: ni mgonjwa, ana ruhusa, au ni mtoro. Mwalimu hutia alama yake asubuhi, mwisho wa mwezi hujumlisha, na jumla hiyo hupelekwa kwa mwalimu mkuu. Kwa upande wa ofisi habari huishia hapo. Kwa upande wa mtoto haijaanza hata kusimuliwa.

Makala hii imekusudiwa kuwaeleza wanachuo juu ya mbinu moja ya utafiti iitwayo uchambuzi wa maudhui wa kimaelezo. Ni njia ya kuyasoma maneno ya watu kwa utaratibu, kuyapanga katika mafungu, na kuyatolea maana bila ya kuyageuza kuwa hesabu tupu. Wanaoitumia sana ni watafiti wa shahada ya uzamivu katika sayansi za jamii, na yamkini mwanachuo wa Mpuguso au wa Tukuyu atauliza jambo hilo lamhusu nini yeye anayejiandaa kufundisha darasa la tatu. Lamhusu kwa sababu watafiti hao huja kwetu. Tangu mwaka 2005, ilipoanzishwa Mkwawa mjini Iringa kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu wa nyanda hizi hana haja ya kusafiri hadi pwani ili akutane na mtafiti wa elimu. Yamfaa basi ajue mgeni huyo atayafanya nini maneno anayoyachukua. Lamhusu pia kwa sababu hakuna mtu mwenye maandishi mengi ya watoto kuliko mwalimu. Kila juma hupita mikononi mwake insha ambazo mtafiti angeomba vibali miezi kadhaa ili azione, naye huzisahihisha herufi kubwa na nukta, akazirudisha.

Wala si jambo geni katika nchi hii mtu kuketi na kuandika maneno ya wenyeji ili ayaelewe. Katika miaka ya 1930 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe wakifanya utafiti, na kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951. Ingawa wao walikuwa wataalamu wa elimu ya jamii na mila, wala hawakutumia mbinu tunayoieleza hapa, walianza pale pale anapotakiwa kuanza kila mtafiti: walijifunza lugha ya wale waliotaka kuwaelewa.

Mbinu ilivyozaliwa

Hapo awali uchambuzi wa maudhui ulikuwa kazi ya kuhesabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wataalamu wa Marekani walizichambua habari na matangazo ya redio ya adui, wakitafuta dalili za mambo aliyoyakusudia. Mwaka 1952 Bernard Berelson alitoa kitabu kilichoeleza kwamba kazi hii ni kuyaeleza maudhui yaliyo wazi, kwa utaratibu, bila upendeleo, na kwa idadi. Mwaka huo huo Siegfried Kracauer akaandika makala ya kumpinga. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba idadi peke yake yaweza kumdanganya msomaji, kwa kuwa maana ya andiko imo katika mpangilio wake mzima, na pengine neno lililotajwa mara moja tu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Wanafunzi wawili wa darasa la sita wameandika insha juu ya shule yao, na kila mmoja ametaja shamba la shule mara sita. Mwenye kuhesabu atasema wanafunzi hawa wanalijali shamba kwa kiasi kimoja. Lakini wa kwanza ameandika kwamba shamba la shule ndiko alikojifunza kupanda mahindi kwa mstari, hata baba yake akamwiga; wa pili ameandika kwamba shamba la shule ndiko wanakopelekwa wakati wa kipindi cha hisabati. Maneno ni yale yale, idadi ni ile ile, lakini habari ni mbili zisizofanana. Mtu aliyesoma Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, atatambua mara moja kwamba tofauti hiyo si ndogo: insha moja inaeleza shamba likiwa sehemu ya masomo, na nyingine inaeleza shamba likiyala masomo.

Aliyeipa mbinu ya kimaelezo utaratibu unaofuatwa na wengi ni Philipp Mayring, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1983. Yeye aliona kwamba si lazima mtu achague kati ya kuhesabu bila kuelewa na kuelewa kwa kubahatisha. Akaeleza kazi za namna tatu: kufupisha maandishi marefu hadi kiini chake kionekane; kufafanua mahali penye utata kwa kutafuta habari za kando; na kuyapanga maandishi kwa mafungu yaliyowekwa tangu mwanzo. Wengine wameendelea baada yake, kama vile Margrit Schreier, ambaye kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 2012 chapatikana kwa urahisi zaidi kwa msomaji wa kwetu. Hatutayaeleza yote waliyoyasema. Tutashika jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linalowashinda wengi, nalo ni fungu.

Fungu ni nini?

Tuseme tumewapa watoto wa darasa la tano insha yenye kichwa "Siku ambayo sikuenda shuleni". Mifano ifuatayo tumeitunga wenyewe kwa ajili ya somo, lakini mwalimu yeyote aliyefundisha Rungwe, Mufindi au Mbarali ataitambua. Mtoto mmoja ameandika: "Mama alikwenda kuchuma chai, mimi nikabaki na mdogo wangu." Wa pili: "Tulikuwa tunafukuza ndege kwenye mpunga." Wa tatu: "Sare yangu ilikuwa haijakauka." Wa nne: "Niliamka nikaona nimechelewa, nikaogopa."

Jambo la kwanza ni swali. Mtafiti asiye na swali atakusanya kila kitu, na mwisho atakuwa na gunia la nukuu. Swali letu na liwe hili: watoto wenyewe wanaeleza nini kuwa sababu ya kukosa shule? Tazama kwamba hatukuuliza kwa nini watoto wanakosa shule. Insha haiwezi kujibu swali hilo. Insha hutuambia mtoto anavyoeleza, na hayo ni mambo mawili. Wanafunzi wengi wa shahada ya uzamivu hurudishiwa kazi zao kwa kosa hili hili, ingawa wameliandika kwa maneno makubwa zaidi.

Jambo la pili ni kipande, yaani tutakachokiwekea alama. Je, ni neno, sentensi, au insha nzima? Kwa swali letu yafaa kipande kiwe kila maelezo kamili ya sababu moja, hata yakiwa sentensi tatu. Mtoto aliyetaja sababu mbili ana vipande viwili. Hili likishaamuliwa liandikwe, na lisibadilishwe kimya kimya katikati ya kazi.

Jambo la tatu ndilo fungu lenyewe. Mafungu hupatikana kwa njia mbili. Mtu aweza kuyaleta kutoka katika nadharia au kanuni iliyopo, kama daftari la mahudhurio linavyotuletea ugonjwa, ruhusa na utoro. Au aweza kuyaacha yachipuke katika maneno yenyewe: anasoma insha ya kwanza, anaifupisha sababu aliyoikuta, anaipa jina, anasoma ya pili, akiona inalingana na ya kwanza anaiweka humo, isipolingana anafungua fungu jipya. Akifika kadiri ya insha kumi katika mia, au hata zaidi kidogo, anasimama na kuyatazama upya mafungu yake yote, anayaunganisha yanayofanana na kuyagawa yaliyofurika, kisha anarudi mwanzo. Kurudi huku kunachosha, na ndiko kunakoachwa na wengi.

Sasa tuirudie ile sare isiyokauka. Tulipowapa wanachuo mfano huu kwa mara ya kwanza, wengi waliuweka katika fungu la uvivu. Mtoto angeifua mapema, walisema. Na huenda ni visingizio. Wengine wakauweka katika umaskini, kwa kuwa mtoto mwenye sare mbili hakosi shule kwa sababu ya moja. Mmoja aliyezaliwa Tukuyu akacheka, akasema aliyeandika uvivu hajapata kuanika nguo Tukuyu mwezi wa Aprili, ambapo mvua hunyesha siku kutwa na nguo yaweza kukaa kambani siku tatu ikinuka ubichi. Kwake yeye hilo lilikuwa fungu la hali ya hewa.

Hapo ndipo ile kazi ya pili ya Mayring, kufafanua kwa habari za kando, inapohitajika. Tulirudi katika insha, maana tulikuwa tumeitunga kwa ukamilifu, tukasoma sentensi iliyofuata: "Mwalimu wa zamu huwarudisha wasiovaa sare." Mvua ilikuwepo, na sare ilikuwa moja tu, lakini kilichomzuia mtoto mlangoni ni kanuni ya shule. Angaliweza kuja na nguo za nyumbani, naye alijua kwamba atarudishwa. Kwa hiyo tulilazimika kufungua fungu ambalo hakuna hata mwanachuo mmoja aliyekuwa amelifikiria: sababu zitokanazo na shule yenyewe. Na fungu hilo lilipofunguliwa, yule mtoto wa nne, aliyeogopa kwa kuchelewa, naye akahamia humo kutoka katika utoro.

Yafaa wanachuo watafakari kilichotokea. Mafungu ya daftari la mahudhurio yaliwekwa na shule, na haishangazi kwamba hayana nafasi ya kuandika kosa la shule. Mtoto yule yule, kwa fungu moja anastahili adhabu, na kwa fungu jingine sisi ndio tunaopaswa kuitazama upya zamu yetu ya asubuhi. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyehesabu vibaya. Fungu ndilo lililoamua.

Kwa hiyo kila fungu liandikiwe mambo manne katika daftari maalumu: jina lake, maelezo ya kinachoingia, mfano halisi mmoja au miwili kutoka katika maandishi, na kanuni ya mpaka, yaani kipande kikisimama kati ya mafungu mawili kiende wapi na kwa nini. Kwa mfano: "Sababu zitokanazo na shule. Huingia maelezo ambayo mtoto anataja kanuni, adhabu, mchango au tendo la mwalimu kuwa ndilo lililomzuia. Umaskini ukitajwa pamoja na kanuni ya shule, kipande kiwekwe hapa ikiwa mtoto mwenyewe ameitaja kanuni. Asipoitaja, kiwekwe katika mahitaji ya nyumbani." Kanuni hii yaweza kupingwa, na huo ndio uzuri wake; imeandikwa, nayo inaweza kupingwa.

Kosa letu sisi wenyewe

Tusijifanye kwamba haya tuliyajua tangu mwanzo. Tulipokuwa tukijifunza mbinu hii kwa ajili ya tasnifu, tuliingia vijijini Usangu na mafungu yetu mkononi, yameandikwa kwa Kiingereza na kupangwa vizuri kutoka vitabuni. Tuliwahoji wazazi ambao binti zao hawakumaliza shule. Mara kwa mara tulikuta jibu fupi: "Mtoto alikuwa amekua." Sisi tukalitafsiri papo hapo, tukaliweka katika fungu la umri, tukidhani wazazi wanasema binti alianza shule akiwa mkubwa kuliko wenzake. Fungu likajaa, nasi tukafurahi, kwa kuwa vitabu vilikuwa vimelitaja.

Mwalimu mmoja wa kike, mzaliwa wa huko, ndiye aliyetusomea upya. Alituuliza kwa upole kama tumepata kusikia mzazi akisema mtoto wa kiume "amekua" kwa sauti ile. Hatukuwahi. Akatueleza kwamba mzazi mwenye adabu hawezi kumtamkia mgeni mwanamume kwamba binti amevunja ungo. Husema amekua, na mwenye kuelewa huelewa. Na nyuma ya neno hilo mna habari zaidi: pengine posa imekwisha kuletwa, pengine yuko mtu aliyekuja kutafuta msichana wa kazi wa kumpeleka mjini. Tulilazimika kurudia mahojiano yote tangu la kwanza. Miezi mitatu ilipotea, au tuseme ilipatikana.

Tangu hapo tunawashauri wote wanaojifunza mbinu hii kwamba tafsiri icheleweshwe. Ni kweli kwamba tasnifu nyingi za elimu hapa nchini huandikwa kwa Kiingereza. Lakini maandishi yachambuliwe katika lugha yaliyosemwa, iwe Kiswahili, Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, na tafsiri ije mwisho, kwa nukuu zile tu zitakazochapwa. Mtafiti anayetafsiri kwanza amekwisha kuchambua kabla hajaanza kuchambua, wala hana kumbukumbu ya maamuzi aliyoyafanya.

Msomaji wa pili

Yule mwalimu alifanya kwa hekima kazi ambayo vitabu vya mbinu huitaka kwa kanuni: sehemu ya maandishi ipewe msomaji mwingine pamoja na daftari la mafungu, aipange peke yake, kisha matokeo yalinganishwe. Tuseme vipande ni 40, na wasomaji wawili wamekubaliana katika vipande 30. Ni asilimia 75, nayo yapendeza kuiandika. Lakini tutahadhari. Kama mafungu ni mawili tu, na kila msomaji amegawa vipande nusu kwa nusu, basi wangeliweza kukubaliana katika vipande 20 hata wakiwa wamefumba macho. Kazi yao ya kweli ni vile 10 walivyovipata juu ya bahati, kati ya 20 vilivyobaki. Yaani nusu tu. Kipimo hiki kinachoondoa bahati kilitolewa na Jacob Cohen mwaka 1960, na hutumika hadi leo.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, namba hiyo si kitu cha kuabudiwa. Chenye thamani kubwa zaidi ni vile vipande 10 ambavyo wasomaji hawakukubaliana. Waketi pamoja wavipitie kimoja kimoja, kila mmoja aseme aliona nini. Aghalabu watagundua kwamba kanuni ya mpaka ina upungufu, na mara chache watagundua kwamba mmoja wao anajua jambo ambalo mwenzake halijui. Mtafiti anayekazana kuipandisha namba kwa kumfundisha msomaji wa pili majibu yake mwenyewe amejinyima msaada aliouomba.

Juu ya vifaa hatutasema mengi. Zipo programu za kompyuta za kazi hii, kama vile NVivo na MAXQDA, nazo husaidia sana katika kuhifadhi na kutafuta pale mahojiano yanapokuwa mengi. Haziamui kitu. Kwa insha 40 za darasa moja, mkasi, vikaratasi na bahasha zenye majina ya mafungu vyatosha, na tena mwanachuo hujifunza vizuri zaidi anapolazimika kukishika kipande kwa mkono na kukitilia bahasha yake.

Kuhusu siri ya mtoto

Jambo moja halina budi kusemwa kwa ukali. Katika shule moja tuliyopata kuitembelea, mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aliandikisha insha kama hii yetu, akaziacha juu ya meza katika ofisi ya walimu. Mwalimu mmoja akazisoma. Mtoto aliyeandika kwamba huogopa zamu ya asubuhi aliitwa mbele ya wenzake aeleze anamwogopa nani. Hakupigwa, lakini insha iliyofuata aliandika mistari minne juu ya ng'ombe wao, wala sidhani kama kuna mtafiti atakayepata kutoka kwake neno jingine la kweli.

Kwa hiyo majina yaondolewe siku ile ile insha zinapokusanywa, na badala yake ziandikwe namba. Orodha inayounganisha namba na majina, kama inahitajika, ikae mahali pengine. Mwalimu mkuu aarifiwe kabla kwamba zoezi lipo na lina madhumuni gani, na wazazi vivyo hivyo. Watoto waambiwe kwa lugha nyepesi kwamba anayetaka kutoandika hatapata adhabu, na ahadi hiyo itimizwe.

Zoezi

Wanachuo watakaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao wafanye kazi ifuatayo wawili wawili. Waombe ruhusa kama tulivyoeleza, wakusanye insha 20 zenye kichwa kilichotajwa, waondoe majina. Kila mmoja asome insha 5 za mwanzo peke yake na kuyaandika mafungu yanayochipuka, bila kuzungumza na mwenzake. Kisha wakutane, watengeneze daftari moja la mafungu lenye mambo manne kwa kila fungu, na kila mmoja apange peke yake insha zote 20. Wahesabu makubaliano, lakini ripoti isizidi nusu ukurasa juu ya hesabu. Kurasa zinazobaki ziwe juu ya vipande walivyotofautiana, pamoja na vile ambavyo havikuingia katika fungu lolote.

Mwishoni walichukue daftari la mahudhurio la darasa lile lile, na kwa ruhusa ya mwalimu wa darasa wautazame mwezi mmoja. Wahesabu alama zote za utoro. Kisha wakae na insha zao upande mmoja na daftari upande wa pili, na waandike wanachokiona.